Shajara ya mradi: Kito anaingia nyumba ya Bosi

Shajara hii inafuatilia jambo moja: kumleta mtoto wa mbwa katika nyumba ambayo tayari ina mbwa mkubwa, bila huyo mkubwa kunyang'anywa raha yake. Bosi ana miaka tisa, dume aliyehasiwa, mwenye mwili mzito na nyonga zilizoanza kukaza. Kito ni jike, na atafika akiwa na wiki nane. Jike nimemchagua kwa makusudi, kwa kuwa dume na jike mara nyingi hupatana kwa urahisi kuliko wawili wa jinsia moja.

Ushauri mwingi wa jambo hili humhusu mgeni: atalala wapi, atakula nini, atakojoa wapi. Mimi nauona mradi huu kuwa ni wa Bosi. Mtoto wa wiki nane huzoea karibu kila anachokikuta, lakini mwenye nyumba ndiye anayevamiwa. Nitaandika kila hatua inapokamilika, na yaliyoshindikana nitayapa nafasi kubwa kuliko yaliyokwenda sawa.

Februari 2: Maandalizi

Bosi ameanza kwa daktari wa mifugo: chanjo zimehuishwa, dawa ya minyoo amepewa. Watoto wa mbwa wengi huja na minyoo, waliyoipata kwa mama yao tangu tumboni au kupitia maziwa, kwa hiyo mkubwa na mdogo watapewa dawa kwa ratiba inayooana.

Vifaa ni vichache: kizimba cha kulalia, bakuli mpya, kamba nyepesi, na kizuizi cha kugawa nyumba. Midoli yote ya Bosi imefungiwa kabatini, pamoja na mfupa wa mpira anaoupenda kuliko kitu chochote. Mkeka wake ulio karibu na mlango wa nyuma hauguswi wala hausogezwi. Amelala hapo tangu alipokuwa mdogo.

Kilichosumbua ni kizuizi. Kwa kawaida watu hushauriana kumpa mbwa mkubwa mahali pa juu asipofikiwa na mtoto, kwa mfano kochi, au kuweka ubao mfupi ambao mkubwa anauruka na mdogo anashindwa. Tulijaribu ubao. Bosi aliusogelea, akainua mguu wa mbele, akaurudisha chini, akatutazama. Nyonga zake hazikubali tena kuruka. Tumeuondoa na kuweka geti dogo lenye bawaba, lile linalotumika kuzuia watoto wachanga wasipande ngazi. Geti halifunguki lenyewe, kwa hiyo kila mtu hapa nyumbani amepewa kazi moja: Bosi akisimama mbele ya geti, mfungulie. Mwenye mbwa mzee asinunue chochote cha kuruka kabla hajamtazama mbwa wake anavyopanda na kushuka.

Februari 9: Harufu kabla ya sura

Kito bado yuko kwa mama yake. Ni muhimu akae huko hadi wiki ya nane, kwani hapo ndipo anapojifunza nguvu ya meno yake: akimng'ata ndugu yake kupita kiasi, mchezo unakatika. Anayetolewa mapema hukosa somo hilo, na anayekuja kuteseka ni mbwa mkubwa wa nyumba anayoingia.

Mfugaji aliye naye amelaza kitambaa chetu pamoja na watoto wote, kisha tukakileta nyumbani. Bosi alikinusa kwa muda mrefu, nywele za mabega zikainuka kidogo, akaondoka. Tukakiacha sakafuni na kukibadilisha kwa kingine kila kilipopoteza harufu. Sasa anakipita bila kusimama. Kitambaa kingine chenye harufu ya Bosi kimepelekwa kwa Kito.

Februari 15: Kukutana

Tumewakutanisha nje ya nyumba, maana mlangoni pa Bosi ni mahali anapojiona mlinzi. Kupata mahali penyewe ilikuwa kazi. Kito amepata chanjo ya kwanza tu, na virusi vya parvo, vinavyoleta kuharisha kunakoweza kumuua mtoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila kuonekana. Uwanja wa wazi wanakopita mbwa wasiojulikana ulikuwa hatari kwake. Rafiki ametuazima ua wake uliozungushiwa uzio, ambao haujawahi kuwa na mbwa. Kito alibebwa mikononi hadi pale.

Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake. Tulitembea kuelekea upande mmoja, pengo kubwa katikati, tukilipunguza kila Bosi alipoacha kukodoa macho na kurudi kunusa majani. Kamba yake niliilegeza muda wote. Kamba ikivutwa, mbwa hukaza shingo na kutanguliza kifua, na mwenzake humwona kama anayejiandaa kwa ugomvi hata kama hana nia hiyo. Kuwasogeza pua kwa pua hatukufanya. Mbwa mwenye adabu humkaribia mwenzake kwa kuzunguka ubavuni, na kumlazimisha aje uso kwa uso ni kumvunjia adabu yake.

Walipofikiana, Kito alijilaza chali na kutoa matone ya mkojo. Ndivyo mtoto wa mbwa anavyomwambia mkubwa kwamba yeye ni mtoto. Bosi alimnusa tumboni, akageuza kichwa, akaenda zake. Nilimwita nikampa kitamu, tukaendelea kutembea. Hatukumrudisha kwa Kito. Kuondoka kwake lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyoyatarajia siku ile, na jibu zuri halikaziwi hadi likageuka kuwa baya.

Nyumbani tulimwingiza Kito kwanza, Bosi akiwa bado uani, ili asije akasimama mlangoni kama anayekagua wageni. Alipoingia alimkuta mtoto yuko ndani tayari, nyuma ya geti, analala.

Februari 18: Chakula

Tulianza kwa kuwalisha chumba kimoja, kila mmoja pembe yake. Haikufaa tangu mlo wa kwanza. Kito alimaliza kwa pupa akakimbilia bakuli la Bosi. Bosi hakunguruma. Alisimama kimya, kichwa ndani ya bakuli, mwili mzima umekaza, akaanza kumeza bila kutafuna. Ukimya huo ni wa kuogopa kuliko kelele. Nilimnyanyua Kito na kumtoa chumbani.

Kuanzia mlo uliofuata kila mmoja anakula nyuma ya mlango uliofungwa. Bakuli huokotwa mara tu wanapomaliza, hata likiwa tupu, kwa sababu bakuli tupu lina thamani kwa mbwa. Maji yamewekwa sehemu mbili.

Jambo la pili lilijitokeza upande mwingine. Bosi alipenya akala chakula cha Kito na kuharisha siku nzima. Chakula cha mtoto kina mafuta na nguvu nyingi kuliko anachohitaji mbwa mzee, na akikizoea atanenepa, na uzito utazidi kumlemea kwenye nyonga. Mtoto naye asiachiwe chakula cha mkubwa, kwani mifupa yake inahitaji kalsiamu na fosforasi kwa kipimo chake.

Februari 27: Mngurumo

Nimesubiri kuandika sehemu hii hadi nilipouona mtindo wote ukijirudia, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia.

Bosi amelala mkekani. Kito anafika, anakamata sikio lake, anavuta. Bosi analamba midomo, ingawa hakuna chakula. Anageuza uso upande wa pili. Kito anavuta tena. Bosi anapiga mwayo. Sasa anafunga mdomo, pumzi inatulia, na jicho linageuka mpaka weupe wake unaonekana pembeni. Kito haoni chochote kati ya hivyo. Ndipo unatoka mngurumo mfupi, wa chini, kutoka kifuani. Kito anaachia sikio, anarudi nyuma, anakaa.

Mwanangu alipiga kelele: "Mama, Bosi anataka kumla Kito!"

Nikamwambia, "Hapana mwanangu. Anamwambia basi, imetosha. Umemwona Kito? Amesikia."

Watu wengi wangemkaripia Bosi hapo, au kumpiga kofi. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma hapungukiwi na hasira. Anachopungukiwa ni onyo. Safari nyingine atang'ata moja kwa moja, na watu watasema ameng'ata bila sababu. Katika nyumba hii Bosi ana ruhusa ya kunguruma, kuonyesha meno, hata kung'ata hewa karibu na pua ya mtoto. Hayo ni maneno yake.

Kazi yetu ni kuhakikisha maneno hayo yanasikilizwa. Kito akirudi mara baada ya kukanywa, anayeondolewa ni Kito, na anapelekwa nyuma ya geti kutafuna kitu chake kwa utulivu. Bosi habandukishwi mkekani. Mwanzoni tulikuwa tunafanya kinyume, tukimwita Bosi aje kwetu apumzike, na hali haikutengemaa: Kito alibaki na mkeka, Bosi akaanza kunguruma mapema zaidi. Tulipogeuza utaratibu, mngurumo ulipungua ndani ya siku chache.

Mipaka tuliyoiweka: mkubwa akiendelea kumfuata mtoto aliyekwisha kuondoka, au mtoto akilia kwa maumivu na mkubwa haachii, tunaingilia. Mikono haiingii katikati ya midomo. Blanketi nene liko juu ya kabati kwa ajili ya kuwarushia, na ubao ule wa Februari 2 umepata kazi mpya: kuwatenganisha. Hadi sasa havijatumika. Hakuna anayewaacha wawili hao peke yao, hata kwa muda wa kwenda kufungua mlango.

Machi 8: Usiku na jioni

Kizimba cha Kito tulikiweka sebuleni, na njia ya Bosi kwenda kwenye maji inapita hapo. Kila Bosi alipopita, Kito aliamka na kulia. Bosi akaacha kwenda kunywa usiku. Tuligundua kwa sababu maji yalikuwa yamejaa kila asubuhi. Kizimba kimehamia chumbani kwangu. Gharama yake ni usingizi wangu, maana mtoto wa umri huu hawezi kubana mkojo usiku kucha, lakini Bosi amerudi kwenye maji yake.

Jioni ilikuwa mbaya kuliko usiku. Kito alikuwa akikimbia huku na huku, anang'ata mkia wa Bosi, nguo, miguu ya meza. Tulidhani ana nguvu nyingi zinazotafuta pa kutokea, tukamwongezea michezo. Akazidi. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Mtoto wa mbwa huhitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku, na nyumba yenye watoto na mbwa mwenzake haimpi nafasi hiyo. Sasa akikaa macho kama saa moja anarudishwa kizimbani, kitambaa kinatandazwa juu, taa inapunguzwa. Analalamika kidogo, kisha kimya. Jioni za Bosi zimerudi.

Haja ndogo: nje kila anapoamka, anapomaliza kula, anapomaliza kucheza. Anapokosea ndani tunasafisha kwa dawa isiyo na amonia, kwa kuwa harufu ya amonia inafanana na ya mkojo na humwita arudie palepale.

Machi 22: Bosi amebadilika

Wiki iliyopita Bosi alianza kunguruma kabla Kito hajamfikia. Mtoto akiingia tu chumbani, mngurumo. Wengi wangesema ni wivu. Lakini kulikuwa na mengine: alikuwa akinyanyuka kwa awamu, mbele kwanza, kisha anasubiri kabla ya kuinua nyuma. Kwenye ngazi ya mlango alisimama akafikiri.

Daktari alimpapasa nyonga, akampiga picha ya eksirei, na jibu likawa baridi yabisi iliyoendelea kuliko tulivyodhani. Mtoto anayeruka juu ya mbwa mwenye viungo vinavyouma hamchezei, anamuumiza, na mbwa akishajua hilo anaanza kumzuia akiwa bado mbali. Amepewa dawa ya maumivu ya mbwa, mkeka umeongezewa godoro nene chini yake, na chakula kimepunguzwa kidogo ili mwili upungue.

Naomba hili lisomwe kwa makini: dawa za maumivu za binadamu asipewe mbwa. Ibuprofen humletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na paracetamol nayo inaweza kumuua.

Dawa ilipokolea, Bosi alirudi kwenye onyo lake la zamani, lile la kuanza na kulamba midomo. Laiti ningeanza upya mradi huu, uchunguzi wa viungo ningeuweka Februari, pamoja na chanjo. Hii ndiyo hatua iliyokula fedha nyingi kuliko vifaa vyote vikijumlishwa, na ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko zote.

Aprili 13: Chanjo zimekamilika

Kito ametimiza wiki 16 na kupata chanjo ya mwisho ya mfululizo wa utotoni. Ya kichaa cha mbwa alipata alipofikisha miezi mitatu. Mfululizo hufika umri huu kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama huweza kuizuia chanjo isishike, na kinga hiyo huisha kwa wakati tofauti kwa kila mtoto.

Muda wote huo hakufungiwa. Kipindi ambacho mbwa huzoea dunia kwa wepesi hufunga karibu na wiki ya 14, kabla chanjo hazijakamilika, kwa hiyo tulimbeba mikononi kuona pikipiki, wazee wenye bakora, mvua, kelele. Mara nyingi alikwenda bila Bosi. Mtoto anayekua nyuma ya mbwa mkubwa kila saa hujifunza kumtegemea, na siku akiachwa peke yake hupiga kelele nyumba nzima.

Matembezi ya pamoja tuliyatazamia kwa hamu, lakini ya kwanza yalivunjika njiani. Kito alikamata kamba ya Bosi kwa meno na kuivuta, na mwendo wa mzee na wa mtoto haukulingana kabisa. Sasa Bosi anatoka kwanza, peke yake, kwa mwendo wake, ananusa anachotaka. Kisha Kito. Kisha wote wawili kwa umbali mfupi tu, wakiwa wameshapunguza hamu. Inachukua muda mara mbili ya zamani. Matembezi ya Bosi peke yake hayafutwi hata siku ya haraka.

Mei 10: Meno

Meno 28 ya utoto yanang'oka, mengine 42 yanachukua nafasi, na Kito anatafuna kila kitu. Tunampa kitambaa kilicholowekwa na kugandishwa kwenye friji. Ubaridi humtuliza fizi.

Ugomvi wa kwanza wa kweli umetokea. Kipande cha nyama kilianguka kutoka mezani, wote wawili wakakifikia pamoja. Bosi aliruka na kishindo, Kito akapiga ukelele, yakaisha kabla mtu hajasimama. Kito alibaki na mkwaruzo juu ya pua. Hatukumwadhibu yeyote. Tuliwatenganisha hadi walipotulia, tukaosha mkwaruzo, na tangu siku hiyo familia ikila, mbwa wote wako nyuma ya geti. Kito pia anafundishwa neno "acha" kwa kubadilishana: akitoa kilichoko mdomoni anapata kilicho bora, na mara nyingi anarudishiwa kile cha kwanza. Akinyang'anywa kila mara atajifunza kulinda.

Kingine nilichokiona mwezi huu ni kwamba Bosi amekuwa mkali zaidi kwa makosa yaleyale. Mbwa wakubwa humvumilia mtoto kwa mengi, na akishapita miezi minne au zaidi uvumilivu huo huanza kupungua. Anayesoma hapa na kuona hali imerudi nyuma katika umri huu asikate tamaa wala asimlaumu mkubwa. Arudishe geti, arudishe usingizi wa mchana, aangalie mtoto anarudia kosa gani.

Juni 21: Miezi sita

Wanacheza. Bosi, ambaye hawezi kukimbia kwa muda mrefu, hulala ubavu na kumwachia Kito amrukie shingoni, kisha humgeuza kwa pua na kumkalisha chini, kisha humwachia tena. Kupokezana huko ndiko kunakonihakikishia kwamba ni mchezo. Tunapokuwa na shaka, tunamshika Kito kidogo na kumtazama Bosi: akija mwenyewe kumtafuta, tunamwachia, akiondoka, mchezo umekwisha.

Bado hawalali mkeka mmoja, na hatujajaribu kuwalaza. Bado wanakula vyumba tofauti, na hilo halitabadilika. Midoli midogo imetoka kabatini. Mfupa wa mpira bado umefungiwa, na Bosi hupewa akiwa peke yake. Kuwaacha pamoja bila mtu tumeanza kwa vipindi vifupi, baada ya matembezi, bila chakula wala kitu cha kutafuna sakafuni.

Kito anaweza kuingia kwenye joto wakati wowote kuanzia umri huu. Bosi amehasiwa, kwa hiyo mimba kutoka kwake haipo, lakini madume wa nje watafika uzioni na Bosi atapata ghasia asiyoihitaji. Tumeshapanga na daktari lini afungwe kizazi, kulingana na ukuaji wa mifupa yake. Baada ya upasuaji Kito atatengwa nyuma ya geti hadi kidonda kipone, na maandishi yanayofuata yatahusu jinsi ya kuwarudisha pamoja.